Kiyoyozi chako kinakunywa gesi? Tazama mabomba kwanza!

MPENZI msomaji, habari za wiki nzima? Kama uko Dar, Tanga, Mombasa ama Unguja, jibu lako nalijua: ni jasho tu. Ndugu zangu wa Njombe na Makete mtuwie radhi, leo mazungumzo hayawahusu sana, ingawa shujaa wa kisa chenyewe katoka huko huko kwenu.

Basi bwana, mwaka jana mwezi wa pili, upepo umegoma, hata majani ya mwembe hayatikisiki, nikapata ugeni mzito. Mama mkwe! Kaja mjini kwa matibabu ya presha, na daktari kamwambia apumzike na alale vizuri. Sasa mtu aliyezoea kulala na mablanketi mawili, umlaze kwenye chumba chenye bati juu na ukuta unaochemka mpaka saa sita za usiku, si unamtafutia kifo?

Kwangu kiyoyozi ni kimoja tu, kiko chumba cha watoto. Watoto wakahamia sebuleni na feni yao, mama akapewa chumba. Nikawasha dude, nikaenda kulala nikijisifu kwamba mkwe wa maana ni mimi. Asubuhi mama kaamka macho mekundu.

"Baba," akaniambia taratibu, "nashukuru kwa kitanda. Lakini hicho kitu chenu cha ukutani, kinapuliza au kinapumua?"

Aibu! Mbio nikaita fundi. Kaja, kachomeka geji yake, katikisa kichwa. "Bosi, gesi imeisha." Kajaza, nikatoa sh. 80,000, chumba kikawa Makambako mwezi wa saba. Baada ya wiki tatu, joto lile lile. Kaja tena: "Bosi, jua la mwaka huu linakula sana gesi." Elfu themanini nyingine. Wakati huo umeme wa LUKU niliozoea kununua wa wiki unakatika siku ya nne, na mama watoto kaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, maana fedha zenyewe zilikuwa za ada.

Mara ya tatu fundi anamaliza kujaza, mama mkwe yuko barazani anachambua mchele. Akanyanyua uso.

"Mwanangu, samahani nikuulize. Gesi ya jikoni inaisha kwa kuwa tunapikia. Hii ya ukutani mnapikia nini?"

Fundi kacheka, eti "Bibi, haya mambo ya kitaalamu." Mimi sikucheka. Nilibaki nimeduwaa na noti mkononi. Sh. 240,000 zimekwenda, na swali la maana kaliuliza bibi ambaye kijijini kwake kiyoyozi ni dirisha!

KWELI, INAPIKIA NINI?

Jibu ni kwamba haipikii chochote. Gesi ya kiyoyozi si kama petroli ya gari. Haiunguzwi wala hailiwi. Inazunguka tu ndani ya mabomba ya shaba: ikiwa ndani ya nyumba inabeba joto la chumba, ikifika kwenye mashine ya nje inalitua joto hilo hewani, halafu inarudi kubeba jingine. Ni mpagazi, hachoki wala haishi. Gesi iliyowekwa siku ya kwanza inatakiwa ikae miaka yote ya maisha ya kiyoyozi.

Kwa hiyo fundi akikwambia gesi imepungua, huenda anasema kweli. Ila hapo kakupa nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba kuna mahali inatokea. Ukijaza bila kuziba unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Maneno hayo ya ndoo si yangu. Aliyasema mzee mmoja fundi wa mafriji, kastaafu siku nyingi, ambaye nilimfuata baada ya swali la mama mkwe. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nipe sabuni, maji na sponji." Nikadhani anataka kunawa! Kumbe kapiga povu kwenye maungio yote ya bomba, moja baada ya jingine. Nyuma ya mashine ya nje, kwenye nati moja, povu likaanza kutoa vipovu: bwu, bwu, bwu. Pembeni pake palikuwa na doa la mafuta lililoganda na vumbi. Doa hilo lilikuwepo siku zote, na fundi wangu wa kwanza alikuwa akilipita kila anapokuja kuchukua elfu themanini zake.

DALILI ZENYEWE

Mzee yule alinifundisha mambo, na mimi si mchoyo. Ukiyaona haya nyumbani kwako, shtuka.

Kwanza, baridi hafifu. Usipime kwa kiganja. Chukua kipimajoto cha kawaida, washa kiyoyozi dakika 15, pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani, halafu pima inayotoka. Chenye afya hushusha kama digrii 8 hadi 12. Kikishusha 3 au 4 tu, huenda kinaumwa.

Pili, barafu. Wengi wakiona barafu kwenye bomba ama ndani ya mashine hushangilia, wanadhani ndiyo ukali wenyewe. Hapana jamani! Barafu ni ugonjwa. Ama chujio limejaa vumbi na hewa haipiti, ama gesi imepungua. Zima, acha iyeyuke, osha chujio, washa tena. Barafu ikirudi na chujio ni safi, kamwite fundi na umtajie povu la sabuni.

Tatu, mashine ya nje haipumziki. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 hula kama kilowati moja na ushei kompresa inapozunguka. Yaani saa moja ya kunguruma mfululizo ni uniti moja na kidogo. Kikiwa kizima, chumba kikipoa kompresa inapumzika. Kikiwa na upungufu wa gesi chumba hakipoi, kompresa inanguruma usiku kucha, na asubuhi uniti nane zimeyeyuka wewe ukiwa umelowa jasho. Tena kompresa inayokimbia bila gesi ya kutosha inapata joto kali na mwisho inakufa. Hapo ndipo elfu themanini inageuka laki kadhaa.

Nne, maji yanadondoka ndani. Hili mara nyingi si kubwa. Bombaplastiki la kutolea maji limeziba kwa utelezi, ama limepindishwa likapanda juu badala ya kushuka. Lakini tazama na bomba la shaba. Lile sponji jeusi linalolivika si pambo! Jua letu likilichoma miaka kadhaa linakauka, linapasuka na kumeguka. Bomba likibaki uchi linatoka jasho, ukuta unalowa, rangi inabanduka, na baridi uliyoilipia inapoteleza njiani. Kuvika sponji jipya na kulizungushia utepe ni kazi ya fedha kidogo, na watu wanaipuuza.

Tano, harufu ya soksi mbichi ukiwasha tu. Hiyo ni kuvu, imeota ndani kwenye unyevu. Mwenye pumu ataisikia kifuani kabla wewe hujaisikia puani. Osha chujio kila baada ya wiki mbili ama mwezi, na mashine ya ndani ifanyiwe usafi wa kina walau mara mbili kwa mwaka. Ukiosha, zima umeme kule kwenye swichi kuu, usitegemee rimoti.

MUSCAT NAKO NI YALE YALE

Nilipomsimulia binamu yangu anayeishi Muscat, akacheka, halafu akanuna. Kumbe na yeye ana lake. Nyumba aliyopanga haina viyoyozi vya ukutani. Mashine ni moja kubwa, na baridi inasambazwa vyumbani kwa mifereji ya bati na mabomba manene yanayokunjika, yote yamefichwa juu ya dari. Huko kiangazi joto hupita digrii 40, na juu ya dari ndiyo tanuri kabisa.

Yeye sebule ilikuwa baridi, chumba cha watoto kikaangio. Vumbi likifutwa asubuhi, jioni limerudi. Hewa inatoka kwenye tundu la dari kwa kunong'ona. Mafundi wakamshauri mwenye nyumba anunue mashine kubwa zaidi. Bahati nzuri mmoja akapanda juu na tochi: bomba moja limechomoka kwenye kiungo, linapoza dari. Jingine limekaliwa na boksi la mizigo, limebonyea. Sufi ya kuzuia joto imechakaa na kuanguka.

Si ajabu yake peke yake. Huko Marekani, mpango wa serikali wa Energy Star unasema katika nyumba ya kawaida yenye mifereji hiyo, kama asilimia 20 hadi 30 ya hewa hupotea njiani kwa matundu na maungio mabovu. Hebu fikiria, kila uniti kumi za umeme, mbili au tatu unawapozea panya wa darini!

Kwa nyumba za namna hiyo, kiungo kilichochomoka kinazibwa, tena kwa utepe wa karatasi ya alumini ama lami maalumu, maana utepe wa kawaida wa kitambaa hukauka kwa joto na kubanduka. Lakini bati likiwa limeliwa na kutu, bomba linalokunjika limechanika sehemu nyingi, ama kuvu imeingia ndani ya sufi, usihangaike na viraka. Badilisha. Sufi yenye kuvu haifuliki ikatakata.

Umeona, msomaji? Dar na Muscat, mashine tofauti, kosa moja. Sote tulikuwa tunaikodolea macho mashine, kumbe ugonjwa uko njiani.

KUTENGENEZA AU KUNUNUA?

Hapo ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Sikiliza.

Kama inavuja kwenye nati ama kwenye kiungo kimoja, tengeneza. Mimi mzee alikata kipande kibovu, akatanua mdomo wa bomba upya, akafunga. Na gesi juu, sh. 150,000. Yaani chini ya zile mara mbili za kwanza.

Kama mapezi ya alumini ya mashine ya nje yanameguka kama majivu ukiyagusa, hiyo ni kazi ya chumvi ya bahari. Walioko karibu na ufukwe wanalijua balaa hili. Ukiziba hapa patatoboka pale. Usipoteze fulusi, nunua kipya.

Kama kimepita miaka kumi na kompresa imekufa, usifanye matanga marefu. Kizike.

Halafu soma kibandiko cha mashine ya nje. Kikisema R22, jua hiyo ni gesi ya zamani inayotoboa tabaka la ozoni. Inaondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na nchi zinazoendelea kama zetu zimepewa mpaka mwaka 2030 kuiacha, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Kuweka hela nyingi kwenye kiyoyozi cha R22 leo ni kununua viatu vya mtoto anayekua. Na asikudanganye mtu kukuwekea R32 kwenye mashine ya R22. R32 inaweza kushika moto, na mashine ile haikuundwa kwa ajili yake.

Ukinunua kipya, usikubali kirahisi kufungiwa kwa mabomba ya zamani eti ubane matumizi. Mashine ya arusi kwa mabomba ya matanga! Afadhali mabomba mapya ya shaba, yavikwe sponji zima.

MAULIZE HAYA

Fundi akija, kabla hajafungua geji, muulize kwa upole maswali manne. Inavujia wapi? Ukiziba utaijaribu kwa presha kabla ya kuweka gesi? Una pampu ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba? Na gesi utaipima kwa mizani kama kibandiko kinavyosema, ama kwa kukisia? Fundi wa kweli atafurahi kupata mteja anayejua. Yule mwingine utamwona anaangalia saa.

Mama mkwe alikaa mwezi mzima baada ya hapo, analala mpaka jua linatoka, anaamka anaomba shuka la pili. Sasa karudi kwake Njombe salama. Kila Jumapili anapiga simu kuwasalimia wajukuu, na kabla hajakata lazima aombe nipewe simu.

"Baba, hamjambo? Ile gesi yenu, mmeipikia tena?"

Tunacheka, lakini kila nikikata simu natoka nje kwenda kuitazama ile nati. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.