Mama wa Bungu naye aende likizo Mombasa

1.
Wiki hii tunaachana kidogo na kadi ya kliniki na uzito wa mtoto. Nataka kusema jambo ambalo najua litazua maneno: familia changa ya huku kwetu Bungu inaweza kwenda likizo ya bahari nje ya nchi, na inafaa iende. Sisemi Dubai. Nasema Mombasa na Diani, hapo Kenya.

Hebu hesabu safari zako za miaka mitano iliyopita. Nyingi ni za aina tatu: msiba, harusi, au rufaa ya mgonjwa. Na harusini kwenyewe unaenda kupika. Wodini nakutana na akina mama ambao siku ya kwanza kulala bila kuwaza kuni na maji ni siku waliyolazwa. Hilo linaniuma kweli. Pumziko la mama lisisubiri dripu. Na mtoto naye apate kumbukumbu ya kusafiri na mama yake wakiwa wanacheka, siyo wakiwa wamevaa kanga za msiba.

2.
Neno "nje ya nchi" linatutisha bure. Ukishuka mlima mpaka Korogwe, kufika Tanga ni kilomita 100 hivi. Tanga mpaka Horohoro mpakani ni kama 65. Ukivuka unaingia Lunga Lunga, na kuanzia hapo ni lami mpaka Diani, kisha Likoni, ng'ambo yake Mombasa. Ukiwa Tanga mjini, njia ya Mombasa ni kama nusu ya njia ya Dar. Dar tunakwenda bila kuogopa, Mombasa tunaiona kama Ulaya!

Na wala si ugenini sana. Mto Umba unaanzia kwenye milima yetu hii ya Usambara, unapita Mkinga, unamwaga maji baharini upande wa Kenya, kule Vanga. Wadigo wako Tanga na wako Kwale, ndugu wale wale, shangazi huku na mjomba kule. Mpaka huo walianza kuuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na hakuna Mdigo aliyeulizwa.

3.
Najua litakalofuata. "Nesi, pesa ya kuchezea tunaitoa wapi? Nyumba haijapauliwa." Nawaelewa. Simwambii mtu auze mbuzi aende kuogelea. Ninachosema ni kwamba tunachangia sare za harusi za watu tusiowajua vizuri, tunachangia kitchen party mbili kwa mwezi, na hatuoni kuwa ni pesa. Kikundi cha VICOBA kinachoweza kununua sufuria za kila mwanachama kinaweza pia kuweka mfuko wa safari. Mwaka mzima, kidogo kidogo, familia nne au tano pamoja, mnakodi hata gari dogo moja.

Msiende Krismasi. Desemba bei za vyumba Diani na Mombasa hupanda, na joto lake mtoto mdogo hulia usiku kucha. Nendeni likizo ya mwezi wa 6. Kusi inavuma, hewa ni ya ubaridi kidogo, mvua kubwa za masika zimepungua. Bahari huwa na upepo, ndiyo, lakini Diani ina mwamba wa matumbawe mbali kidogo na ufukwe unaovunja mawimbi makubwa.

Na hamlazimiki kulala hoteli ya watalii. Zipo nyumba za kulala wageni za kawaida, na zipo nyumba za kupanga kwa siku zenye jiko. Mkipata jiko mnanunua samaki asubuhi kwa wavuvi, mnapika wenyewe, na akina baba wanaosha vyombo. Nimesema likizo ya mama, jamani!

Angalieni fedha. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya kumi za kwetu. Ukisikia "mia tano" usifurahie haraka, piga hesabu kwanza. Badilisheni pesa benki au duka la kubadilishia fedha, siyo kwa kijana anayekukimbilia na bulungutu mpakani.

4.
Sasa makaratasi, maana hapa ndipo familia hukwama.

Kila mtu anahitaji hati yake, hata mtoto wa mgongoni. Ulizeni Uhamiaji habari za pasipoti, au ile hati ya dharura ya safari ambayo ni nafuu zaidi kwa anayekwenda nchi jirani. Hati ya mtoto huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa, na hapa nitawasema kidogo. Watoto wengi hapa kwetu wana tangazo tu la kizazi tulilowapa siku wanazaliwa, limekunjwa ndani ya kadi ya kliniki, basi. Lile tangazo siyo cheti! Safari hata ikiahirishwa, cheti kitabaki, na shule na bima watakiulizia hicho hicho.

Mama akisafiri na mtoto bila baba, aende na barua ya ridhaa ya baba iliyosainiwa, na namba ya simu ya baba. Hata usipoulizwa, ukiwa nayo moyo unatulia.

Kadi ya njano. Afisa wa afya mpakani anaweza kuitaka, kwa hiyo ulizeni mapema kituo cha chanjo. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usichome leo ukasafiri kesho. Ukishachanja, cheti hicho ni cha maisha yako yote. Mtoto chini ya miezi 9 kwa kawaida hatumchanji. Mjamzito na mama anayenyonyesha kichanga, msichanje bila kuzungumza kwanza na mtaalamu, na tumwambie ukweli kuhusu umri wa mimba au wa mtoto.

5.
Mkishafika, msifanye wanavyofanya wengi: picha kumi ufukweni, soda, kulala, kurudi. Bahari hata Tanga ipo. Kinachofaa kukuvusha mpaka ni watu.

Anza na maneno. Ile kanga uliyojifunga wao wanaiita leso. Ukiomba leso ya kupangusia mtoto makamasi, unaweza kuletewa doti nzima! Umeme wataita stima, daladala wataita matatu. Watoto wataona raha kukusanya maneno hayo kama wanavyokusanya kombe.

Na tuache ile kebehi yetu ya kusema Wakenya hawajui Kiswahili. Kaitazame Mombasa. Kimvita ni Kiswahili cha kale chenye washairi wake, kama Muyaka bin Haji aliyeishi huko kabla hata babu zetu hawajazaliwa. Na mkutano ulioamua mwaka 1928 kwamba Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja ulifanyika wapi? Mombasa hiyo hiyo. Mtoto wako akimsikia bibi wa Mji wa Kale akiongea, ataelewa kuwa lugha hii ni kubwa kuliko mitihani ya darasa la nne.

Kanga zako kabatini zitazame pindoni. Nyingine zimeandikwa K.H.E. – Mali ya Abdulla. Hilo ni jina la biashara ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, iliyoanza karne ya 19, na mtaa wa Biashara mjini Mombasa bado ni mtaa wa leso. Mpeleke binti yako mkachague doti moja pamoja, msome maandishi, mcheke. Hilo ni somo la utamaduni, na unarudi nalo nyumbani mwilini.

Chakula: asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi. Jioni nendeni Mama Ngina, pale penye mibuyu juu ya mlango wa bahari, familia za pale zinakaa na watoto wanakula viazi karai, mihogo na achari huku wakitazama meli zinaingia bandarini. Kaeni nao. Salimieni kwanza. "Shikamoo" yako kwa mtu mzima itakufungulia milango mingi kuliko pesa. Ukitaka kumpiga mtu picha, omba. Mji wa Kale ni mtaa wa watu wanaoishi, jifungeni kanga, dera liwe refu. Nguo ya kuogelea ina mahali pake.

6.
Sehemu mbili msizikose.

Ya kwanza ni Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Oman wakaichukua mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza wakaigeuza jela. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo kwenye Urithi wa Dunia. Waambieni watoto bila kuficha: watu walikufa kwa njaa na maradhi ndani ya kuta hizi kwa sababu ya biashara na tamaa ya pwani yetu. Watoto wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Ya pili ni Kaya Kinondo, karibu na Diani. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2008. Unaingia na mwenyeji, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, huchumi hata jani. Sisi tunaoona miti ya Usambara ikiondoka kila mwaka tuna la kujifunza pale. Wazee wale wamelinda msitu kwa heshima na miiko, na miti mikubwa bado imesimama mita chache kutoka kwenye hoteli. Mtoto akiuliza "mbona huku hawakati?", umeshapata thamani ya nauli yako.

Kwenye feri ya Likoni mwenda kwa miguu halipi, lakini watu ni wengi. Mdogo mgongoni, mkubwa mkononi, simu ndani ya nguo.

7.
Mwisho, uuguzi wangu siwezi kuuacha nyumbani.

Huku mlimani mbu ni wachache, kwa hiyo watoto wetu hawajazoea malaria kama wa pwani. Beba chandarua chenye dawa. Mkirudi, mtoto akipata homa ndani ya wiki kadhaa, usimpe panadol ukasubiri. Mlete apimwe siku hiyo hiyo, na useme wazi: "Tulikuwa pwani." Maneno hayo mawili yanabadilisha kabisa tunavyomtazama.

Mtoto chini ya miezi 6 anyonye tu, hata joto liwe kali. Watakwambia "mpe maji maskini". Usimpe, maziwa yako yana maji ya kumtosha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Na jua la mchana si lake, akae kivulini. Kwa wakubwa beba ORS na zinki. Akiharisha anza mapema, na akilegea au akishindwa kunywa, nenda hospitali ya hapo hapo.

Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Waulize wavuvi saa za maji kabla watoto hawajaingia. Mtoto anayezama hapigi kelele, anazama kimya, kwa hiyo mtu mzima mmoja kazi yake iwe kutazama tu, bila simu, mkipokezana. Na wavae viatu, kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kwenye mawe.

Haya ndiyo maoni yangu. Atakayesema ni anasa, mwacheni aseme. Mimi naona mama aliyepumzika anarudi na subira zaidi kwa watoto wake, na mtoto aliyekula kwa watu wa nchi nyingine hakui akiwaogopa wala kuwadharau. Hilo siwezi kulitoa dirisha la dawa.

Wiki hii fanya kitu kimoja tu: fungua kadi ya kliniki, toa lile tangazo, kaulizie cheti cha mtoto. Likizo inaanzia hapo. Msambazie mama mwenzio, na wiki ijayo tunarudi kwenye lishe.