Wepesi wa Mashine Usitupumbaze

Mwezi uliopita nilisimama katika duka moja la kompyuta za mitumba, Mtaa wa Oginga Odinga hapa Kisumu, nikiwa na laptopu mbili mbele yangu na pesa za kununua moja tu. Walimu wa lugha hutaka tuseme kipakatalishi. Neno ni zuri, lakini mwambie fundi neno hilo uone kama hatakuuliza mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa MacBook Air ya mwaka 2020, uzito wake kilo 1.29. Ya pili ilikuwa ThinkPad X270 ya mwaka 2017, nyeusi kama sufuria ya kibandani, kilo moja na nusu hivi pamoja na betri yake kubwa. Kijana muuzaji hakuwa na shaka. “Mzee, chukua hii nyembamba. Hiyo nyingine ni ya makarani.”

Alikuwa na hoja, wala simnyimi haki yake. Mimi huandika habari za wavuvi, na safari zangu ni za matatu mpaka Luanda Kotieno, feri mpaka Mbita, kisha mashua ya injini mpaka Mfangano. Mtu anayeshuka mashuani maji yakimfika magotini huijua thamani ya kila gramu iliyo begani. Air ina kioo safi, na wenye kuiunda walitaja saa 15 za kazi ya mtandaoni, ingawa betri ya mtumba haiwezi kuwa na nguvu ya mpya. Tena haina feni. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni dogo. Lakini yeyote aliyeandika usiku kando ya ziwa, vijidudu vikiinuka majini kama moshi na kuifuata taa, anajua vinakokwenda vikikuta tundu linalovuta hewa.

Basi kwa nini nilitoka dukani na ile nyeusi?

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na mashine nyingine, nyembamba vilevile, ya kampuni ambayo sitaitaja. Ilirushiwa maji ya ziwa tukirudi Mbita, ikazimika. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee wawili wa Rusinga wakieleza uvuvi wa zamani, kabla ya nyavu za nailoni na kabla ya mbuta kujaa ziwani. Sikuwa nimezinakili popote. Kosa ni langu. Fundi aliifungua, akatazama, akaifunga. Hifadhi ilikuwa imechomelewa kwenye ubao, na ubao umekufa. Mmoja wa wazee wale amekwisha kufariki.

Air imeundwa kwa namna hiyo hiyo. Hifadhi na kumbukumbu vimeshikana na ubao, tena yaliyomo yamefungwa kwa siri ambayo ufunguo wake umo ubaoni humo humo. Ubao ukifa, maandishi yako yamezikwa nao. Watasema niweke kazi mtandaoni. Vema, penye mtandao. Lakini X270 hufunguliwa kwa bisibisi, ukaondoka na diski mfukoni. Kumbukumbu hubadilishwa. Betri ya nyuma hung'olewa kwa vidole, na kwa kuwa iko nyingine ndani, unatia ya akiba pasipo kuizima mashine.

Hayo si mambo mapya. Mwaka 1983 Tandy ya Marekani ilitoa Model 100, kompyuta ya kilo 1.4 hivi iliyopendwa sana na waandishi wa magazeti wa huko. Kioo chake kilionyesha mistari minane tu! Lakini ilikwenda saa 20 kwa betri nne ndogo, za aina ile ile tunayotia katika tochi na redio, ambayo duka la Mbita halikosi. Zaidi ya miaka 40 baadaye tumepewa vioo vya ajabu, na ile betri ya dukani tumenyang'anywa. Mimi nasema tumepunjwa.

Najua nitaambiwa nasifu chuma kikuukuu. Kioo cha X270 ni hafifu juani, nacho ndicho kinachoniuma zaidi. Windows 11 haiikubali rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025, hivyo fundi amenitilia Linux Mint, ambayo bado inanitoa jasho. Feni nayo huvuma, na kwa sababu ya wale vijidudu sasa huandika ndani ya chandarua kama mgonjwa wa malaria.

Wiki ijayo nakwenda Rusinga kwa yule mzee aliyebaki. Nimetuma ujumbe kumwomba anieleze tena yale aliyokwisha kunieleza. Ameuliza ya kwanza niliyapeleka wapi.