Usalama wa Polo ya Kayaki Uanzie Ukaguzini
Polo ya kayaki, mchezo ambao timu mbili za wachezaji watano watano hushindana majini kutia mpira katika goli lililoning'inizwa mita 2 juu ya maji, huruhusu mchezaji mwenye mpira kusukumwa begani kwa kiganja mpaka apinduke, na kwa hiyo hatari zake haziwezi kuachiwa bahati. Kanuni za kimataifa zinataka kofia ngumu yenye wavu wa uso, fulana ya kukinga mbavu, na kinga laini kwenye omo na tezi ya kila kayaki. Lakini kafi lililopita ukaguzi asubuhi huweza kumeguka kabla ya adhuhuri, na ncha yake, hata kama pengo halizidi ukucha, hukata kama kisu. Ukaguzi, yaani kupapasa kingo za kila kafi na kubonyeza kila kinga, haufai kufanywa mara moja tu kwa siku. Linalopuuzwa zaidi ni kwamba aliyepinduka huning'inia kichwa chini, kiuno kikiwa kimezungukwa na kitambaa kinachozuia maji kuingia kayakini. Waandaaji wasimruhusu yeyote kushindana kabla hajaonyesha kwamba anaweza kujichomoa humo.