Plasta Ikikatwa, Usinyamaze
Askari hufunzwa kuvumilia maumivu. Lakini siku ya kuondolewa plasta ya mfupa uliovunjika, uvumilivu huo waweza kumletea jeraha. Bapa la msumeno wa hospitali halizunguki, bali hutikisika upesi huku na huku. Hata hivyo msuguano hulitia joto, hasa likikata plasta ya nyuzi za kioo, na ngozi yaweza kuungua. Basi, ndugu msomaji, tulia, usivute mguu. Ukihisi moto, sema papo hapo ili tabibu asimamishe msumeno upoe. Mwenye ganzi amwarifu mapema. Mzazi amshike mtoto, asirukeruke. Wala mtu asijikatie plasta nyumbani kwa kisu au panga. Hapa kunyamaza si ushujaa.