Betri ya rimoti ya gari: namba kwanza, hela baadaye

Wadau wa Mbeya na Iringa, hili tuongee wazi. Posti za "betri ya rimoti, inaingia gari zote" zinatuharibia biashara. Hakuna betri inayoingia rimoti zote. Kwa mtazamo wangu, ukipokea hela kabla ya kuuliza namba, unamuuzia mteja bahati nasibu.

Piga hesabu. Tuseme uko Mwanjelwa, mteja yuko Iringa mjini. Betri unauza 3,000, faida yako 1,000. Kifurushi kimepanda basi, kimepita Makambako na Mafinga, zaidi ya kilomita 300. Mteja anafungua, betri haikai. Nani analipia kuirudisha? Ukilipa wewe, faida ya betri kadhaa imeondoka. Ukigoma, jina lako linaanza kutembea kwenye magrupu ya Iringa, na kulisafisha ni kazi.

Dawa yake ni sentensi moja tu: "Naomba picha ya betri ya zamani, upande wenye maandishi." Namba yenyewe inajieleza. CR2032 maana yake upana milimita 20, unene milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule, ila unene ni 2.5. CR1632 upana wake ni 16. Zote ni volti 3, ndo maana watu wanadhani zinabadilishana. Ukiweka 2025 mahali pa 2032 inacheza, leo inashika kesho haishiki. Ukilazimisha 2032 mahali pa 2025, unapinda vibati vya ndani au kifuniko hakifungi. Na usikisie kwa jina la gari. Toyota peke yake ina rimoti za namba tofauti.

Najua kuna atakayesema, "Boss, kitu cha elfu tatu, maswali yote ya nini?" Namuelewa, kuchati sana kwa faida ya buku kunachosha. Lakini hayo maelezo unaandika mara moja, unayahifadhi kwenye simu, kila mteja unamtumia yaleyale.

La pili, na hapa sirudi nyuma: betri ikiisha, usimtishe mteja kwamba ufunguo umekufa ili anunue mpya. Kwenye funguo nyingi, chipu inayoruhusu gari kuwaka haitegemei ile betri, inapata umeme kutoka kwenye gari lenyewe. Ndo maana ufunguo wa kuchomeka unawasha gari hata rimoti ikiwa kimya. Za kuwasha kwa batani, nyingi zina ufunguo wa chuma umefichwa ndani ya rimoti. Huo unafungua mlango, kisha kwa Toyota, kwa mfano, unagusisha rimoti kwenye batani ya kuwashia. Asubuhi za baridi ya Julai ndo betri iliyochoka inajionyesha. Mteja aliyekwama saa hiyo, mwambie hayo bure. Betri atanunua kwako, na wenzake atawaleta.

La mwisho ni usalama. Mtoto akimeza betri hizi, zinaweza kumuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 kwamba pakiti zake ziwe ngumu kwa mtoto kufungua. Sisi tusisubiri kulazimishwa. Tuma betri ikiwa kwenye pakiti yake. Usizimimine kwenye kopo moja, maana zikigusana zinamalizana chaji kabla hujaziuza. Na mwambie mteja betri ya zamani asiiache mezani. Mtoto akimeza, au hata ukihisi tu kameza, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa hiyo leo fungua posti yako uirekebishe. Futa "inaingia gari zote". Andika namba ulizonazo na bei ya kila moja, halafu chini yake: "Tuma picha ya betri ya zamani kabla ya kulipia."