Acha Kuhesabu Safu kwa Vidole, Ambia Fomula Itafute Kichwa

Kila mwisho wa mwezi wateja wetu wengi hupakua taarifa zao za miamala na kuzimwaga kwenye lahajedwali, iwe ni Excel au Google Sheets. Mwenye duka anataka kujua till imeingiza ngapi. Mweka hazina wa chama anataka kujua nani amelipa na nani bado anazungusha wenzake. Kazi hiyo tunaipenda sana. Lakini kuna tabia moja inayotukera na tunadhani wakati wa kuiacha umefika: kuandika nambari ya safu ndani ya fomula.

Unaijua, si ndio? Ni ile VLOOKUP. Unaiambia itafute simu ya mwanachama kwenye safu ya kwanza, halafu ikuletee kilicho kwenye safu ya 4. Hiyo 4 uliipata kwa kuweka kidole kwenye skrini na kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Leo inafanya kazi. Shida ni kwamba fomula haijui unataka Akiba. Inajua 4 tu.

Tuchukue mfano wa chama cha watu 22. Daftari lao lina safu hizi, kwa mpangilio huu: Simu, Jina, Hisa, Akiba, Mkopo. Kanuni yao inasema unaweza kukopa hadi mara 3 ya akiba yako, kwa hivyo kwenye karatasi ya pili wameandika:

=VLOOKUP($A2,Daftari!$A:$E,4,FALSE)*3

Mwanachama mwenye hisa za sh. 6,000 na akiba ya sh. 18,000 anaruhusiwa kukopa hadi sh. 54,000. Sasa katibu, kwa nia njema kabisa, anaongeza safu ya nambari ya kitambulisho baada ya Jina. Hisa inasukumwa hadi nafasi ya 4, Akiba inaenda ya 5. Fomula inaendelea na 4 yake kama kawaida. Kiwango cha yule mwanachama kinashuka kutoka 54,000 hadi 18,000, na hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu, hakuna kitu. Mama aliyeomba 45,000 za karo anaambiwa hafiki. Mwenzake ambaye hisa zake ni nyingi kuliko akiba anapewa zaidi ya anachostahili. Mkutano wa Jumapili ukifika, hakuna atakayesema fomula imekosea. Watasema mweka hazina amekula.

Dawa ni MATCH. Kazi yake ni ndogo: unaipa neno na mstari wa vichwa, nayo inakuambia neno hilo liko nafasi ya ngapi. Basi pale palipokuwa na 4, weka MATCH:

=VLOOKUP($A2,Daftari!$A:$Z,MATCH("Akiba",Daftari!$A$1:$Z$1,0),FALSE)*3

Katibu akiongeza safu tano leo na tatu kesho, fomula itaifuata Akiba popote itakapohamia. Tumefika Z makusudi, ili safu mpya zinazoongezwa mwishoni zisibaki nje. Sehemu zote mbili lazima zianzie safu moja, hapa A, la sivyo hesabu ya nafasi itapishana. Na usiisahau ile 0. Ndiyo inayosema unataka neno lenyewe, si linalokaribiana nalo. Ukiiacha, programu inachukulia kwamba vichwa vyako vimepangwa kwa alfabeti, na vichwa vya chama havijapangwa hivyo hata siku moja.

Ukitaka kwenda hatua moja mbele, achana na VLOOKUP kabisa utumie INDEX:

=INDEX(Daftari!$A$2:$Z$500,MATCH($A2,Daftari!$A$2:$A$500,0),MATCH(B$1,Daftari!$A$1:$Z$1,0))

Inatisha kuitazama, lakini isome polepole. MATCH ya kwanza inamtafuta mtu, ya pili inatafuta kichwa, na INDEX inakuletea kilicho pale wanapokutana. B$1 ni kichwa ulichoandika juu ya karatasi yako mwenyewe. Andika Hisa kwenye B1, Akiba kwenye C1, Mkopo kwenye D1, kisha vuta fomula kulia na chini. Fomula moja tu, karatasi nzima imejaa.

Kuna watakaotuuliza mbona hatusemi XLOOKUP, ambayo ni rahisi zaidi kusoma. Ni nzuri, na Google Sheets inayo. Kwa upande wa Excel, iko kwenye Microsoft 365 na Excel 2021, lakini Excel 2016 haiijui. Faili la chama husafiri: linatoka kwa kompyuta ya mweka hazina, linapita saiba kuchapishwa, linaishia kwa simu ya mwenyekiti. Kama hujui litafunguliwa wapi, INDEX na MATCH haziwezi kukuaibisha.

Sasa tuje kwa jambo ambalo tunalishikilia kuliko yote. Ukitumia MATCH, siku moja utaiona #N/A. Maana yake ni kwamba nimetafuta, sikupata. Pengine mtu amebadilisha Akiba ikawa Akiba ya Mwaka. Pengine kuna nafasi tupu iliyojificha baada ya neno, jambo ambalo hutokea sana ukinakili kutoka PDF (TRIM huiondoa, herufi kubwa na ndogo hazina neno, MATCH haizibagui). Pengine ni simu: daftari linasema 0722, taarifa inasema 254722, na lahajedwali lenyewe limeimeza sifuri ya mwanzo. Wengi wakiiona #N/A wanakasirika, wanaizungushia IFERROR na kuweka 0 ili karatasi ipendeze.

Hapo ndipo tunapokataa. Kwenye daftari la pesa, 0 ina maana yake: huyu hajalipa. Fomula imesema haikupata, wewe umeandika kwamba mtu hana kitu. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na ya pili inaweza kumfanya mtu atozwe faini asiyodaiwa. Kama lazima uifiche #N/A, weka neno ANGALIA badala ya 0. Karatasi itakuwa mbaya kidogo, sawa tu. Afadhali fomula inayolalamika mbele ya watu kuliko inayodanganya kwa upole.

Jambo lingine ni vichwa vinavyofanana. Kama una Jumla mbili kwenye mstari wa kwanza, MATCH itachukua ile ya kushoto na haitakuuliza. Zipe majina tofauti: Jumla ya Hisa, Jumla ya Mkopo.

Na ukichanganya taarifa za simu na za benki, jua kwamba fomula haielewi maana, inasoma herufi tu. Pesa zilizoingia zinaweza kuitwa "Paid In" kwenye taarifa moja na "Credit" kwenye nyingine. Chagua jina moja lako, kwa mfano Zilizoingia, ubadilishe vichwa vya nakala zako kabla ya kuunganisha. Taarifa asili usiiguse.

Tujiseme wenyewe pia. Sisi kampuni za malipo ndio tunaoandika vichwa hivyo, na kwa maoni yetu kichwa cha safu ni ahadi kwa mteja. Mtu akishajenga daftari lake juu ya neno tulilomchagulia, kulibadilisha bila kumwambia ni kumharibia kazi. Ikibidi neno libadilike, mteja ajulishwe mapema, kwa lugha anayoielewa, aonyeshwe jina la zamani na jipya yakiwa bega kwa bega.

Kama una faili unalolitegemea, lipime leo kabla ya mwisho wa mwezi. Tengeneza nakala, weka safu moja tupu katikati ya daftari, halafu tazama zile hesabu za karatasi ya pili. Zikibaki vilevile, uko sawa. Zikiruka, tafuta fomula yenye nambari iliyohesabiwa kwa kidole na uanze kurekebisha na hiyo.