Mwisho wa mchezo na neno la mtoto



Juma hili mama mmoja wa kikundi chetu alituletea shida. Kijana wake amenyamaza siku 2, chakula anakataa. Hakuna aliyekufa, masomo yanaendelea. Ni mchezo wa ordinatere, Mass Effect, aliocheza kwa mjomba wake miezi mingi. Umeisha vibaya. Tulicheka. Kisha tukamwita atueleze, na kicheko kikatuishia.

Mchezo huo ulitengenezwa na kampuni BioWare ya Kanada kwa sehemu 3, mwaka 2007, 2010 na 2012. Mchezaji anakuwa Shepard, askari kiongozi, mwanamume au mwanamke, anayetetea watu mbele ya mashini kubwa za angani. Kila mara anaulizwa: nani aokolewe, nani aachwe? Majibu yake yanatunzwa. Rafiki aliyeachwa afe katika sehemu ya kwanza hatarudi katika ya tatu. Ndiyo sababu watu waliupenda: waliona neno lao lina uzito.

Sehemu ya tatu ilitoka mwezi wa 3, 2012. Mwishoni mchezaji alipewa njia 3, lakini yoyote aliyochagua, aliona picha karibu zilezile. Tofauti kubwa ilikuwa rangi: nyekundu, buluu au kijani. Juu ya marafiki wa safari yote, hakuambiwa wamefika wapi.

Watu wengi walikasirika. Wengine walitukana, ni kweli. Lakini wengine walichanga zaidi ya dola 80,000 kwa shirika linalopeleka michezo kwa watoto walio hospitalini. Wengine tena walituma kwa kampuni gato ndogo karibu 400, zenye rangi zile 3 juu, na ndani ladha moja tu. Ujumbe ulifika bila tusi.

Mwezi uleule Ray Muzyka, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, aliandika barua akikubali kwamba watu wameumia. Tarehe 26 mwezi wa 6, walitoa nyongeza ya bure. Mwisho haukubadilishwa, ila ulielezwa vizuri zaidi. Kuna walioridhika, kuna ambao mpaka leo hapana. Kijana wetu ni mmoja wao.

Wamama, sisi je? Tunamuuliza binti anataka seksio gani, ualimu ao kushona, na kumbe tumekwisha kumwandikisha. Katika kikundi tunaomba mawazo ya kila mama juu ya feza za mchango, na kumbe viongozi wamekwisha kukata neno jana. Mtu anaweza kuvumilia kukosa alichotaka. Kuulizwa bure ndiko kunamuumiza, na siku nyingine hatasema tena.

Basi tujifunze hivi. Kama jambo limekwisha kukatwa, tuseme wazi mbele ya kuuliza. Kama tumeuliza, jibu lionekane katika matokeo. Kama haikuwezekana, tueleze sababu. Na tunapolalamika, tuwe kama wale wa gato.

Jioni ile mama hakumwambia mwanawe kwamba ni mchezo tu. Alimuuliza: «Kati ya wale marafiki, ulimpenda nani zaidi?» Kijana aliongea saa nzima. Kisha akaomba chakula.

Tuonane juma lijalo.